Success, Succeed na Mitungi Miwili ya Scola

Jumatatu, 8 Februari 1993

Nimepata! Nimepata njia ya kutoka! Niandike upesi kabla mke wangu Scola hajarudi kutoka shambani na kuniuliza kwa nini kuni hazijapasuliwa.

Jana baada ya misa mzee Baltazari alisimama nje ya kanisa, kofia mkononi, akatangaza. Yeye ndiye mwenyekiti wa shule yetu mpya ya sekondari ya wazazi, ile ya madarasa mawili kule ukingoni mwa mji. Wanatafuta mwalimu wa Kiingereza. Mmoja tu. Wazazi wanamwajiri wenyewe, hawamngojei wa serikali. Siku hizi kila kitu ni ruksa, hata shule. Walioomba ni wawili. Mmoja ni mimi, Eustaki! Nilisimama kwa vidole ili waliokuwa nyuma wanione.

Mwaka mmoja na miezi minne sasa tangu nipunguzwe kazini. Shirika letu lilikuwa na makarani kumi na tisa, likabaki na mlinzi. Tangu siku hiyo nakula jasho la Scola. Ulezi wake, mahindi yake, maharage yake. Akiniwekea ugali anauweka taratibu sana, na huo utaratibu ndio unaonichoma. Naitaka kazi hii. Sijataka kitu namna hii tangu nilipomtaka Scola mwenyewe.

Tatizo ni mwombaji wa pili. Anaitwa Meshack. Ametokea Namanyere mwaka jana na redio kaseti begani. Miaka ishirini na minne! Suruali pana kama gunia. Vijana wote wa mjini wanamwita mshikaji. Anafundisha tuisheni nyuma ya duka la mitumba, na ana wanafunzi ishirini na sita.

Mimi ninaye mmoja. Masanja, Msukuma wa ng'ombe aliyehamia bondeni na familia yake. Anataka kusoma maandishi kwenye chupa za dawa za mifugo, maana sasa dawa zinauzwa hata dukani kwa sabuni, na muuzaji mwenyewe hajui ipi ni ya kupe na ipi ni ya minyoo. Ananiletea maziwa. Mwanafunzi hodari. Juzi alilitambua neno "shake", yaani tikisa, bila msaada wa mtu.

Sasa mtihani. Wafadhili wa shule, wazungu fulani, wameleta barua. Mstari mmoja wanaitakia shule "success". Mstari unaofuata wanatumaini shule ita-"succeed". Mzee Baltazari amekosa raha tangu aisome. Anauliza kwa nini mtu aseme jambo moja mara mbili. Anahofia moja ni pongezi na la pili ni sharti. Kamati imeamua: Jumamosi tarehe 20, mimi na Meshack tusimame mbele ya wazazi uwanjani, tueleze tofauti ya maneno hayo mawili. Wazazi watanyoosha mikono. Atakayeeleweka ndiye mwalimu.

Success na succeed! Nilicheka peke yangu njia nzima. Maneno hayo nayajua tangu nasoma kwa mapadre. Kazi nimeshaipata, bado kukabidhiwa tu.


Jumatano, 10 Februari

Nimenunua tai mnadani, kwenye mitumba. Ya bluu, ina vitone. Doa lipo, lakini linafichika nikifunga koti.

Nimeandaa hotuba. Nainakili hapa kwa ajili ya kumbukumbu.

"Success" ni nomino. Maana yake mafanikio. Ni kitu, ingawa hakishikiki. Mtu anaweza kuwa nacho, kukitamani, kukiombea. "Succeed" ni kitenzi. Maana yake kufanikiwa. Chenyewe hakikai. Kinatendwa, tena kinabadilika kwa wakati: leo "succeed", jana "succeeded". Huwezi kusema "I want succeed", wala huwezi kusema "I success". Ukisema hivyo Mwingereza atakuangalia kwa huruma. Jina lina kiti chake kwenye sentensi, kitendo kina chake, na havibadilishani.

Mimi binafsi napenda zaidi nomino. Kitenzi kina kazi nyingi.

Nilimsomea Scola hotuba yote wakati anaanua kimea cha ulezi kwenye mkeka. Alisikiliza hadi mwisho. Akasema hilo la kwanza analisikia kwangu kila siku, ila hilo la pili ndiyo kwanza analisikia leo. Kisha akaomba nimpe ungo.

Kimea hicho ni cha pombe ya shamba. Mitungi mitatu. Jumatatu tarehe 22 majirani watakuja na majembe wampandishie matuta, yale ya duara, ntumba, majani yakifukiwa ndani yaoze. Ekari moja nzima. Wakimaliza, wanakunywa. Hivyo ndivyo mwanamke anavyopata shamba huku kwetu kama mume wake ni wa kalamu. Amehesabu siku vizuri. Pombe itaiva Ijumaa, itakolea hadi Jumatatu, na mwakani tutakula.


Ijumaa, 12 Februari

Upelelezi. Nilikwenda nyuma ya duka la mitumba kumsikiliza adui akifundisha. Mvua ilikuwa inanyesha ile ya Sumbawanga ya kulala ubavu, inaingia mpaka masikioni. Nikajibana ukutani chini ya bati.

Nilisikia kicheko tu. Wanafunzi wanacheka darasani! Kwa mapadre ukicheka ulifyeka majani wiki nzima.

Ghafla dirisha likafunguka, na kichwa cha Meshack kikatokea juu yangu. Hakushtuka hata kidogo. Aliniambia kaka utaugua, ingia ndani. Nikaingizwa mbele ya wanafunzi ishirini na sita nikichuruzika maji, nikapewa kiti, nikapewa chai, nikapewa taulo. Sijawahi kutendewa ubaya kama huo.

Tena mwenye adabu! Akaniomba ushauri. Alisema mimi ni mtu mzima, nimesoma kwa mapadre, je, wazazi yeye atawaelezaje yale maneno mawili? Hapo nikaona mlango umefunguka. Nikamwambia wazazi wa huku wanapenda istilahi ngumu. Usiwape mifano, nikasema, watajiona wamedharauliwa. Wape nomino dhahania. Wape kitenzi kisicho na yambwa. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Nimerudi nyumbani nikipiga mluzi. Scola ameuliza taulo hili la nani.


Jumatatu, 15 Februari

Nimepiga hesabu ya mikono. Hali mbaya.

Nilikaa sokoni asubuhi nzima kuangalia wazazi wanamsalimia nani. Kumbe kijana huyu anawasomea akina mama barua za watoto wao walioko Mbeya na Dar, na anawaandikia majibu, bure! Wazee anawaamkia shikamoo huku ameinama. Mimi wananisalimia pia, lakini wananisalimia kama mtu anayepita. Mama mmoja aliniuliza kama bado natafuta kazi ile ya zamani. Nikamwambia hapana, ni kazi inayonitafuta mimi. Akasema pole.

Nilirudi nimekata tamaa. Kweli kabisa. Nikakaa jikoni karibu na mitungi ya Scola kwa sababu kuna joto. Mmoja ulikuwa unachemka polepole, unanukia. Ile harufu ikanipanda kichwani, na humo kichwani ikakuta wazo!

Pombe inaiva Ijumaa. Kura ni Jumamosi.

Mzazi akishapata kata mbili za pombe yangu, mkono wake utakuwa mwepesi. Mitungi miwili inatosha uwanja mzima. Scola atabakiwa na mmoja. Nikishaajiriwa nitamnunulia kimea cha mitungi kumi, na wa kumlimia atawaajiri. Nitakuwa nimemwazima tu. Nilicheka mpaka paka akatoka nje.


Jumatano, 17 Februari

Mialiko imetoka. Nimemtuma Masanja, kwa sababu ana miguu mirefu na hasemi uongo. Aliniuliza atangaze nini hasa. Nikamwambia atamke neno kwa neno: pombe ya mama Tadei itanywewa Jumamosi saa tatu asubuhi, uwanja wa shule mpya, watu wote waje. Mama Tadei ndiye Scola. Tadei, mwanetu, yuko kwa bibi yake Kaengesa, anasoma huko. Nimelitumia jina la Scola makusudi. Pombe yake inaaminika. Ningetumia langu wangedhani ni kikao.

Masanja ametangaza sokoni, kisimani, kwenye josho, na njia ya Matai mpaka kilima cha pili. Amerudi na habari njema. Watu wamefurahi sana. Wote wamesema watakuja, tena watakuja mapema.

Watakuja mapema! Hotuba yangu imekuwa maarufu kabla sijaitoa.


Ijumaa, 19 Februari

Operesheni imefanikiwa. Scola alikwenda kwenye mazoezi ya kwaya saa tisa. Saa tisa na robo Masanja alifika na mkokoteni wake wa ng'ombe. Nilimwambia mama Tadei ametuomba tuipeleke mapema, akaamini. Tulipakia mitungi miwili ikiwa bado vuguvugu, nikaishika, mmoja kila mkono, hadi shuleni. Povu liliniruka usoni. Nililamba. Ameipatia!

Jikoni nimeweka ndoo mbili za maji, nikazifunika kwa gunia kama alivyofunika yeye. Kwa mbali hutambui.

Scola amerudi akiimba. Amepita jikoni, hakugusa. Amelala na furaha. Nami nimejaribu tai mara nne.


Jumamosi, 20 Februari

Niandike yote.

Nilifika uwanjani saa mbili na nusu. Koti, tai, viatu vimepakwa mafuta. Nikaegemeza ubao wangu mweusi kwenye mlingoti wa bendera, nikaweka benchi la kusimamia, na mitungi pembeni na kata mbili. Upepo ulikuwa mkali kidogo. Mzee Baltazari alikuwa ameshafika na barua ya wafadhili imekunjwa mfukoni. Meshack naye yupo, mikono mitupu. Hata karatasi hana! Nilimwonea huruma.

Kisha watu wakaanza kutokea. Kutoka Chanji, kutoka bondeni, kutoka njia ya Matai. Sitini! Sabini! Nikanyoosha tai. Walipokaribia nikaona kila mmoja ana kitu begani. Nikadhani ni miavuli.

Ni majembe.

Watu sabini, majembe sabini. Wanawake wamejifunga khanga kiunoni, wanaume wamekunja suruali. Walipanga mstari wakaniangalia. Mimi Mfipa, mama yangu Mfipa, nimezaliwa kwenye uwanda huu wa juu, nikasahau kwamba Februari, majani yakiwa kiunoni, ukimwambia Mfipa kuna pombe ya ulezi, umemwambia njoo ulime. Walidhani Scola amesogeza siku. Walidhani pombe ameitoa ili shule ilimiwe shamba. Kazi ya ofisini imeniharibu.

Nikawaambia karibuni, kunyweni kwanza, kuna hotuba fupi. Nikachota kata, nikamnyooshea mama mmoja mzee aliyesimama mbele. Aliitazama ile kata, akanitazama mimi, akanirudishia.

"Tutakunywaje, baba, na hatujalima?"

Nilijaribu mwingine. Alikataa. Wa tatu alikataa. Waliona aibu kwa niaba yangu, niliona kabisa. Mzee Baltazari akaniuliza mbele ya wote: watu umewaita wewe, shamba liko wapi? Nikageuka kulia, nikageuka kushoto. Nyuma ya madarasa kulikuwa na majani marefu, pale kamati ilipopanga kuweka uwanja wa mpira. Nikanyoosha kidole. Nikasema pale.

Mzee Baltazari aliyapima yale majani kwa macho. Kisha akavua koti, akaazima jembe.

Sabini na mmoja! Sijapata kuona kitu kama kile. Mstari ulikwenda mbele, majani yanalala, udongo unageuka mweusi, tuta baada ya tuta, na juu ya yote wimbo. Mimi nilibaki kwenye benchi. Nilijiambia suruali ya koti si ya kulimia, tena hotuba ni hotuba. Nikaanza. Nikasema kwa sauti kuu kwamba "success" ni nomino dhahania isiyohesabika. Upepo ukachukua ukurasa wa kwanza. Nikasema "succeed" ni kitenzi kisicho na yambwa. Ubao ukaanguka. Masanja peke yake ndiye aliyekuwa ananisikiliza, na yeye alikuwa ameshika ng'ombe.

Na Meshack? Alivua viatu. Akavipanga vizuri chini ya mlingoti, akaomba jembe, akaingia katikati ya mstari kati ya mama wawili. Analima huyo! Namanyere wanalima! Na katikati ya kulima, akipumua kwa nguvu, akamgeukia yule mama mzee.

"Mama, hili tuta ulilomaliza, hili ndilo success. Lipo, unaliona, ni lako. Na hivi mgongo wako unavyofanya sasa hivi, hiyo ndiyo succeed."

Mama alisimama, akaliangalia tuta lake. Akamwambia jirani yake. Jirani akamwambia wa pili. Likaenda mstari mzima, watu wanacheka, wanarudia, wanaonyesha tuta kwa jembe na kusema "success", wanainama na kusema "succeed". Mzee Baltazari akasimama akifuta jasho. Aliuliza kama hiyo ina maana wafadhili wanatutakia matuta, halafu wanatumaini tutalima. Meshack akasema ndiyo mzee, hivyo hivyo, sharti hakuna. Mzee akacheka kama mtoto. Akaitoa ile barua, akaisoma upya, akaibusu.

Hapo ndipo nilipomwona Scola. Alikuwa amewaona majirani wakipita mlangoni na majembe, akachukua lake, akawafuata. Alifika kwenye mitungi, akapitisha kidole kwenye mdomo wa mmoja, palipomeguka kidogo, akajua ni wake. Aliingia kwenye mstari akalima mpaka mwisho.

Saa sita kasoro uwanja wa mpira ulikuwa shamba. Watu wakanywa pombe yao kwa haki yao, kisha kura ikapigwa. Wa Eustaki? Masanja alinyoosha mikono miwili, wakamwambia ashushe mmoja. Wa Meshack? Mikono yote mingine, ina udongo mpaka viwikoni.

Na mkono wa Scola ulikuwemo.

Njiani kurudi alitangulia, jembe begani. Karibu na nyumbani nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kwa nini.

"Yeye nimemwelewa," alisema, akafungua mlango.

Niliumia. Naandika neno hilo kwa sababu sina jingine. Sikula.


Jumapili, 21 Februari

Misa ya kwanza nimekaa nyuma. Watoto wawili walipishana na mimi getini, mmoja akasema "success", mwenzake akainama kama analima. Imeshaenea.

Mzee Baltazari amemtangaza mwalimu mpya. Amemshukuru mama Tadei kwa pombe yake na moyo wake, shule imepata shamba la chakula cha wanafunzi, na uwanja wa mpira utatafutiwa pahali pengine. Watu walimpigia Scola makofi. Alisimama, akainamisha kichwa kidogo, akakaa. Hakunitaja. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Mchana Masanja alikuja na maziwa, kofia mkononi, kuomba radhi. Alisema ni yeye aliyetangaza, na kosa limepitia mdomoni mwake. Akamwomba mama Tadei amruhusu alete ng'ombe na plau, walime ile ekari yake siku moja na yaishe. Scola alimkaribisha kiti, akampa chakula, akamshukuru kwa moyo wote. Kisha akakataa. Alisema lile shamba liko mteremkoni, mama yake hakuruhusu plau liliguse hata mara moja, naye haruhusu. Plau litalaza udongo wote na mvua moja itaupeleka bondeni. Matuta ya jembe yanashika maji na majani yanaozea ndani. Bila hayo ulezi hautoki. Masanja akaelewa.

Alipoondoka, Scola akanigeukia kwa mara ya kwanza tangu jana. Akasema majirani hawaitwi mara mbili kwa pombe moja, na mtungi uliobaki hautoshi hata watu kumi. Aliyetoa pombe ya shamba ndiye atakayelilima. Hakupaza sauti. Akaegemeza jembe upande wangu wa kitanda.


Jumatatu, 22 Februari

Matuta saba.

Saba! Nilidhani nimelima mchana kutwa, nikauliza mtu aliyepita, ni saa nne. Majirani walipita wakanipa pole ya kazi, wengine walisimama kuangalia. Ekari moja, nadhani, inachukua mia nne au zaidi. Malengelenge sita, manne mkono wa kulia.

Alasiri akaja Meshack. Mwalimu Meshack! Na jembe. Nikamwambia sihitaji msaada wa mtu. Akasema poa kaka, hatanisaidia, atalima tu karibu yangu. Akalima kumi na moja bila kuinua kichwa. Nilitaka kumchukia nikashindwa, na hilo limenichosha kuliko jembe. Nikaungama kwamba ushauri wa istilahi ulikuwa wa kumpoteza. Akasema alijua, ila chai aliyonipa ilikuwa ya kweli.

Lakini lipo jambo moja. Tuta langu la saba lilitoka zuri. La duara, jeusi, majani yote yamefichika. Nililizunguka. Nililipapasa. Scola akaja na ugali kwenye bakuli, akakaa chini, akayaangalia matuta yangu akaanza kucheka. Alisema lile la tatu linafanana na shemeji yake akilala. Alicheka mpaka akaniegemea begani. Mwaka mzima hajaniegemea hivyo. Sikutaka ugali uishe.


Jumatano, 24 Februari, Jumatano ya Majivu

Matuta thelathini na moja. Sikuweza kushika kalamu jana.

Asubuhi nimepakwa majivu. Padre alinikumbusha kwamba mimi ni mavumbi, na kweli nilikuwa na mavumbi hadi kwenye kope. Nikapiga magoti, nikatubu. Nilitubu mitungi. Nilitubu ndoo za maji. Nilitubu kumdanganya Meshack, Masanja na mke wangu. Nikaahidi kwamba kwaresima hii yote sitabuni mpango wowote. Nitalima tuta moja moja, kwa mikono yangu, mpaka la mwisho. Nilijisikia mwepesi, mpya, msafi. Hali hiyo iliendelea mpaka getini.

Getini alikuwepo Masanja, na nyuma ya Masanja walikuwepo ng'ombe wake wanne, wamenenepa, hawana kazi.

Kesho kutwa Scola anakwenda Kaengesa kumwona Tadei. Anarudi Jumapili. Siku mbili nzima! Ng'ombe wanne wanamaliza ekari ile asubuhi moja. Afike jioni, alikute shamba lote jeusi, limelala safi kama kitanda, na mimi nimesimama katikati na tai. Nitamwona uso wake! Matuta yangu thelathini na moja yatapitiwa, najua, lakini katika kazi kubwa lazima vidogo vipotee. Na kuhusu kukataa kwake, alikataa Jumapili, siku aliyokuwa na hasira, na mwenye hasira hasemi anachotaka. Mteremko nimeuangalia tena. Si mteremko wa kutisha. Mvua yenyewe imepungua tangu jana.

Masanja amesitasita. Amevua kofia, ameivaa, ameniuliza mara mbili kama mama Tadei amebadili mawazo.

Nimemwambia wazo lenyewe ni la mama Tadei. Amefurahi sana, atafika Jumamosi alfajiri.